Ghuba Inayoitwa Kwa Yeremia

Mjukuu wangu alifikisha wiki sita bila jina. Binti yangu Naomi alitaka aitwe Yeremia, jina la kaka yake aliyezama baharini miaka mitatu iliyopita, alipokwenda pwani kufanya kibarua cha mwani. Mwili haukuonekana. Sasa shangazi zangu wa Chanzuru wana sharti: mtoto hapewi jina la marehemu kama jina hilo bado linaitwa alikofia, maana ataanza kuitika huko. Na tulishasikia kwamba wenyeji wameiita ghuba alimozama Kwa Yeremia.

Nina stashahada ya kilimo. Masharti ya namna hiyo siyapendi. Lakini Naomi alikuwa hatoki ndani na mtoto, hata kliniki hampeleki. Nikapanda basi Kilosa, nikaenda kuwaambia watu wabadili jina.

Ghuba yenyewe ni ndogo, haizidi uwanja wa mpira. Mdomo mwembamba kati ya majabali mawili, tumbo pana la miamba, na nyuma mkondo unaopita kwenye mikoko. Maji yakijaa hayaanzii mdomoni. Yanazunguka kupitia mikokoni na kukukata njia mgongoni. Hivyo ndivyo mwanangu alivyokwisha.

Nilimkuta Bi Mwanahawa, kiongozi wa wanawake wanaokamata pweza, akinoa ncha ya kijiti chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mama mtu?"

"Ndimi. Nimekuja kuchukua jina la mwanangu."

"Kabla ya jina hilo tulikuwa tukizika kila mwaka. Utamwambiaje mtoto asiende mahali pasipo jina?"

"Tumieni jingine. Tumieni lako."

"Langu? Mie bado nalivaa!" Akacheka mpaka akakohoa.

Saa nne asubuhi maji yakageuka. Wanawake walikuwa wametawanyika miambani. Aliyekuwa karibu na mikoko akainuka, akapaza sauti: "Yeremiaaa!" Wa pili akapokea, wa tatu akapokea, mpaka ghuba nzima ikawa inamwita mwanangu. Wote wakakimbilia nchi kavu, pweza wananing'inia mikononi.

Kisha upande wa mikoko, ambako hapakuwa na mtu, sauti ya kiume ikasema, "Naam, mama."

Ndivyo alivyokuwa akiitika nikimtuma maji: kwa uvivu, akivuta neno la mwisho.

"Umemsikia?" Bi Mwanahawa aliuliza huku akihesabu wenzake kwa kidole. "Akishaitika, nusu saa tu, njia haipo."

"Na asipoitika?"

"Hajawahi kukosa."

Jioni nikampigia Naomi. "Mtafutie mtoto jina jingine."

"Wamekataa, mama?"

"Sikuwaomba tena. Yeremia bado anaitwa. Na anaitika."

Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Basi ni Boniface," akasema. "Kesho nampeleka kliniki."

Asubuhi, kabla ya gari, nilishuka ghubani. Maji yametoka, wanawake wako mbali, wameinama kwenye mashimo ya pweza. Nilitaka kumwita mara moja tu, ajue ni mimi. Nikavuta pumzi. Lakini ningeliita lile jina, wale wote wangetupa vijiti na kukimbia.

Nikafunga mdomo. Nilisimama pale mpaka dereva alipopiga honi.