Jiwe la Mraba wa Thelathini na Mbili

Verlene Haslam alimwona Kimball akipiga magoti mbele ya jiwe la mpaka, akamsogelea.

Kijana huyo alikuwa mpima ardhi wa jimbo. Saa kumi jioni, kule mji mkuu wa Utah, wabunge wangepiga kura: miraba ya ardhi ya jimbo iliyo katikati ya makorongo iende kwa serikali kuu ikahifadhiwe, nalo jimbo lipewe ardhi nyingine ya kuingizia shule fedha. Mraba mmoja ni maili kwa maili. Wa thelathini na mbili ulipakana na shamba la Verlene, na Kimball alitakiwa kuthibitisha mpaka kwa simu kabla ya kura.

Kwa pale jiwe lilipokaa, chemchemi ilikuwa ndani ya shamba. Visima vyake viwili vilikuwa vimekauka tangu mwaka juzi. Ng'ombe wake arobaini hawakuwa na maji mengine.

"Ofisi imekutuma nyikani na viatu vya kanisani?" alimtania, ili angalau ainue macho.

"Vile vingine vimelowa, Dada Haslam," alijibu, akimwita kama wanavyoitana kanisani kwao. Hakuinua. Alikuwa akipapasa ukingo wa jiwe. "Tatu. Nne. Tano."

Wapima wa zamani walichonga mikato kwenye kila jiwe la kona, upande wa kusini na wa mashariki, kuonyesha maili zilizobaki kufika ukingo wa eneo lenye miraba thelathini na sita. Rulon, baba yake Verlene, hakulijua hilo. Verlene alikuwa na miaka tisa siku alipokaa kwenye trekta akimtazama baba akilivuta jiwe kwa mnyororo, akilisimamisha upya, kisha akifuta njia kwa tawi la mreteni. "Tumesogea kidogo tu," baba alisema. Hawakulizungumzia tena.

"Mikato mitano inatakiwa itazame mashariki," Kimball alisema. "Hii inatazama magharibi."

"Ng'ombe hujikuna hapo. Wameligeuza."

"Jiwe lililozikwa nusu?"

"Hujawaona ng'ombe wangu."

Kijana akacheka, kisha kicheko kikakatika. Alitazama saa. Tisa na nusu.

"Sheria inafuata jiwe, haifuati vipimo vya setelaiti. Nikisema liko sawa, hakuna atakayerudi huku. Wewe ndiye uliyenifundisha Shule ya Jumapili, kwa hiyo nitakuuliza mara moja tu, na utakachosema ndicho nitakachoandika. Lilizikwa hapa?"

Upepo ukavuma. Chini kwenye chemchemi vyura walikuwa wakilia, na ng'ombe mmoja mzee alikuwa ameinamia maji bila haraka. Verlene alimtazama ng'ombe yule mpaka akamaliza kunywa.

"Beba koleo," alisema.

Alitangulia kuelekea magharibi, akaipita chemchemi, akahesabu hatua ambazo hakuwahi kuzisahau. Karibu na kisiki cha mreteni alisimama. "Hapa."

Kimball alichimba. Kwenye futi ya pili koleo lilitoka jeusi: mkaa, ule ambao wapima wa kale waliuzika chini ya jiwe ili mahali pake pasipotee. Alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri.

"Naweza kuwaomba waongeze kifungu kwenye muswada, ng'ombe wako wanywe hapa mpaka upate kisima kipya. Siwezi kukuahidi, Dada."

"Piga simu kwanza. Muda unakwenda."

Alipiga. Alitaja mraba, akataja chemchemi, akarudia mara mbili kwa mtu aliyekuwa akiandika upande wa pili. Halafu aliomba kile kifungu, akasubiri jibu. Verlene alichukua koleo akaanza kupanua shimo, maana jiwe lingehitaji nafasi, na safari hii lingewekwa likitazama kunakotakiwa.

Kimball aliziba simu kwa kiganja. "Wanauliza ni ng'ombe wangapi."

"Arobaini," alisema, akaegemea koleo. "Na ndama aliyezaliwa Jumapili. Mwambie amwandike na yeye."