Chuma Kikilegea

Jengo la Mzee Nuhu lilikuwa mifupa mitupu. Nguzo za chuma zilisimama, mihimili ya chuma ikalazwa juu yake, sakafu za zege zikamwagwa moja juu ya nyingine, kisha ujenzi ukakwama kabla kuta hazijafika juu. Vita vya Kongo vilipoanza kumwaga watu upande huu wa ziwa, mzee huyo wa Ujiji, mfanyabiashara wa mawese, aliwafungulia wakimbizi ghorofa ya juu kabisa wakae bure wakisubiri malori ya kambini. Tusimnyime sifa yake. Alikuwa bahili wa kutupwa, lakini hapo alitenda la maana. Chini alibakiza mapipa yake ya mawese, na pembeni ya mapipa wapika sabuni walikuwa na kona yao.

Juu walikaa watu wa Uvira, Baraka na Fizi, wamegawana sakafu kwa vitenge na maturubai. Anatoli, fundi wa kuchomelea vyuma, alitandika mkeka wake karibu na ngazi. Nyuma ya kitenge cha bluu, hatua chache tu kutoka kwenye mkeka huo, alikaa mama mkwe wake, Melania.

Hapo pana jambo la kuelezwa. Kwao Anatoli, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawali pamoja. Nyumbani hilo halikuwa na taabu, maana kila mtu alikuwa na mlango wake. Lakini Bibiana, mke wa Anatoli, alikufa kwa homa safarini, wakamzika Baraka kwenye mchanga, na tangu hapo wawili hawa hawakuwa na mtu wa kati. Walivuka ziwa katika boti moja wamepeana migongo. Ndoo ikikauka, Melania alikiambia kitenge, "Maji imekwisha," na Anatoli, upande wa pili, akainuka kwenda kuchota.

Unaweza kucheka. Anatoli mwenyewe hakuwa na nguvu ya kucheka. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Kutwa alishinda kwenye karakana moja Buzebazeba akipinda vyuma vya mageti, na jioni alirudi kukiuliza kitenge kama kimekula. Aliogopa jambo moja tu, kubaki peke yake. Mama huyu ambaye hakuwahi kumtazama usoni ndiye aliyebaki duniani aliyemjua Bibiana. Akiondoka huyo, Bibiana naye atakuwa amekufa mara ya pili.

Melania alichoka zaidi yake. "Sitakimbia tena," alikwisha kukiambia kitenge. "Kitakachokuja, kinikute hapa."

Kilikuja mchana wa jua kali. Pipa la wapika sabuni lilichemka likafurika, mafuta yakashika moto, na mtu mmoja mwenye kiherehere akayamwagia maji. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Yaliruka hadi darini yakasambaa, yakayafikia mapipa, na mapipa yakaanza kupasuka moja baada ya jingine.

Anatoli aliuona moshi akiwa barabarani, akakimbia. Alipofika, watu walikuwa wakiteremka mbiombio kwa ngazi ya nje, watoto migongoni, masufuria vichwani. Saumu, mama wa Ujiji aliyekuwa akiwauzia uji kila asubuhi, akamdaka mkono.

"Mama yako hajashuka! Nimemwita mpaka sauti imenikauka. Ananiambia moto uko chini, yeye yuko juu, ana haraka gani?"

"Na kweli," alisema Mzee Nuhu, mikono kichwani. "Mawese yangu ndiyo yamekwenda. Nyumba ipo. Chuma na zege, kitaungua nini hapo? Yule bibi yuko salama kuliko sisi."

Watu wakaitikia. Wasilaumiwe, maana moto walioujua ni ule wa nyasi na miti, ambapo nyumba huanguka kwa kuwa imeliwa. Chuma hakiliwi. Anatoli naye angeitikia kama asingekuwa ametazama juu ya yale mapipa.

Mhimili mkubwa wa katikati haukuwa umeyeyuka. Haukuwa hata mwekundu wa kung'aa. Ulikuwa mweusi wa masizi, umeshusha tumbo. Akaelewa papo hapo, maana ndiyo kazi yake ya kila siku. Nondo ambayo wanaume wawili hawaipindi, uiweke kwenye mkaa, uvuvie, na kabla haijakaribia kuyeyuka mtu mmoja ataipinda atakavyo. Chuma kikipata joto kali hurefuka, kikikosa pa kurefukia hupinda, na nguvu zake hupungua, nusu, na zaidi ya nusu. Lakini mzigo ulio juu yake haupungui. Zege lote lile, sakafu juu ya sakafu, lilikuwa na uzito wake ule ule wa asubuhi.

"Mzee, ondoa watu," alisema. "Ile chuma inalegea. Hii nyumba itakaa chini."

Mzee Nuhu akatazama, akaliona lile tumbo, na bila kubisha akaanza kuwasukuma watu wavuke barabara. Anatoli akaparamia ngazi.

Juu hapakuwa na mwali hata mmoja. Palikuwa na moshi, na sakafu iliyokuwa na joto chini ya kandambili zake. Alifika kwenye kitenge cha bluu, akasimama. Moto unaunguruma chini yake, naye amesimama kama mgeni anayebisha hodi!

"Mama," alikiambia kitenge. "Tushuke."

"Moto iko chini. Miye niko huku."

"Chuma inalegea, mama. Sakafu itaanguka."

"Ianguke." Kikohozi, kisha sauti ikarudi. "Nilikimbia Uvira, nikakimbia Baraka, mtoto wangu nikamuacha kwenye mchanga. Niko nachoka, mkwe wangu. Wewe shuka."

"Nimwite Saumu akushike mkono?"

"Saumu ana watoto. Umuache."

Chini ukasikika mlio mkavu, bolti imekatika, kisha mwingine. Sakafu ikainama. Kikombe cha bati kikatokea chini ya kitenge, kikaviringika taratibu hadi miguuni pa Anatoli, kikampita, kikaendelea na safari yake.

Anatoli akakivuta kitenge kikang'oka. Aliona mwanamke mdogo wa umbo, amekonda, amekaa juu ya furushi, ambaye hapo hapo alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Anatoli naye akafumba macho, akamgeuzia mgongo na kuchuchumaa.

"Nisamehe, mama."

Akaivuta mikono ya mama shingoni kwake, akamfunga mgongoni kwa kile kitenge kama mtoto, akainuka. Alikuwa mwepesi kuliko grili ya dirisha dogo. Njia nzima Melania alimpiga ngumi za mabegani, akilia, "Aibu! Aibu umenitia!" Anatoli alihesabu moyoni jambo moja tu, kwamba anayepiga bado yu hai.

Walikuwa wamevuka barabara mhimili ulipokata tamaa. Ulishuka katikati, ukazivuta nguzo zije ndani, na sakafu ya juu ikaangukia ya kati, na ya kati ikaangukia mawese. Ghorofa ile ya juu, ambayo haikuguswa na moto, ilikuwa kifusi. Mzee Nuhu aliketi chini vumbini.

Siku hiyo Melania alikaa amejifunika gubigubi, amewapa watu mgongo. Maji alikataa, uji wa Saumu akakataa. Wanawake wa Fizi walinong'ona kwamba jambo kama hilo lina wazee wake wa kulitengeneza, lakini wazee wenyewe nani anajua wametawanyikia wapi. Anatoli alikaa mbali, ufukweni, na moyo ulimuuma sana. Alikuwa amemwokoa, na bado amempoteza.

Asubuhi lori la kambini likafika. Lilikuwa refu, bodi yake inamfika mtu kifuani. Watu walipanda, wakavutana, wakarushiana mafurushi. Wanawake wakamnyooshea Melania mikono, akatikisa kichwa. Anatoli akajua kinachofuata: atasema haendi popote. Na yeye hakuwa na nguvu tena za kumbembeleza, wala haki ya kumgusa.

Melania akageuka. Akaishusha nguo kichwani, akamtazama usoni. Miaka yote ya ndoa yake Anatoli hakuwahi kuuona uso ule vizuri, na sasa aliona macho yalikuwa ya Bibiana, na mdomo ulikuwa wa Bibiana, ila umezeeka.

"Umekwisha kuniona," alisema Melania, na kuinua mikono yake miwili. "Haya. Nibebe."

Anatoli akageuka, akachuchumaa.