Kuna Mtu Anauliza

Pale Mabawe, mwanamke aliyeokoka akiwa na swali la imani hakulipeleka kwa mchungaji. Mchungaji alikaa mbali, alikuja kwa pikipiki siku za kubatiza, na isitoshe alikuwa mwanaume. Swali lilipelekwa kwa Adelfina, Mama Desderius, mke wa Danstan, siku ya Alhamisi baada ya ushirika wa akina mama, akiwa amekaa kwenye mkeka wake na Biblia ya Kiswahili aliyoifunga kwa kipande cha khanga ili isichakae. Je, ni dhambi kumpeleka mtoto kwa bibi anayechemsha majani? Mke wa pili akiokoka, arudi kwao au abaki? Adelfina alilamba kidole, akafunua, akasoma, akajibu. Wenzake waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao kupika.

Tena walikuwa na adabu yao ya kuuliza. Hakuna aliyesema "mimi." Walisema "kuna mtu." Kuna mtu amempiga mwanawe akamjeruhi. Kuna mtu hataki kulala na mumewe. Wote walimjua huyo mtu, maana alikuwa amekaa palepale, mara nyingi macho yamemvimba kwa kulia, lakini hakuna aliyemgeukia. Adelfina aliipenda sana adabu hiyo. Ilimwezesha kujua mambo ya kijiji kizima bila kuitwa mmbeya.

Basi mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa kumi, kwa jirani zetu Burundi kukaharibika, na watu wakamiminika kuvuka mpaka wakiwa na magodoro vichwani. Kambi zilikuwa hazijakaa sawa, kwa hiyo wenyeji waliwapokea majumbani. Adelfina alimkuta mwanamke ameketi nje ya kanisa, mjane wa miaka thelathini na kitu aitwaye Claudia, akamshika mkono, akampeleka kwake, akampa jiko la nyuma alale. Hilo mlitie maanani: hakuletewa, alimchukua mwenyewe. Baadaye kila alipolikumbuka alitamani kujizaba kofi.

Claudia alikuja na sufuria isiyo na mfuniko, na Biblia ya Kirundi iliyolowa mvua mpaka kurasa za Mwanzo zikang'oka. Biblia hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Kirundi na Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili cha Adelfina kilikuwa cha shule na ofisi, na wanawake walikiheshimu kama wanavyomheshimu afisa, yaani kwa kukaa mbali nacho. Claudia akisoma, walisikia mama zao wakiongea jikoni.

Siku yenyewe ilianza kwa swali la Josefina, jirani wa kule bondeni.

"Kuna mtu," alisema Josefina, "mama mkwe wake anamaliza matanga, na amemwagiza alete kibuyu cha rubisi. Asipoleta asikanyage tena pale. Na yeye ameokoka, hatengenezi pombe."

"Asitengeneze, asibebe," Adelfina alijibu, na safari hiyo hata kitabu hakukifungua. "Mama mkwe akinuna, anune."

Josefina akainamisha kichwa. Ni rahisi kusema mkwe anune, akiwa si mkwe wako. Claudia alikuwa mlangoni anachambua maharage, na hakuna aliyemwuliza kitu. Ila Josefina alimtazama tu, naye akasema polepole, kwa lugha ya kwao, "Rubisi kabla haijawa rubisi ni maji ya ndizi. Huyo mtu azikamue asubuhi hiyohiyo, ajaze kibuyu, akizibe kwa jani la mgomba kama inavyopasa, akipeleke kwa mikono miwili, na amwambie mama mkwe ukweli, kwamba ni matamu bado hayajachachuka. Tumeagizwa tuwaheshimu wazazi. Hatukuagizwa tuwalevye."

Wanawake walicheka. Juu ya mkeka wa Adelfina, mbele ya Biblia ya Adelfina, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mama mkwe alikipokea kibuyu, akanywa, akawagawia wajukuu, akasema laiti wakwe zake wote wangekuwa na akili hiyo. Habari ilipanda kutoka bondeni kabla ya jua kuzama. Kuanzia hapo, ushirika ukiisha, ndala zilikuwa zikipangana nje ya jiko la nyuma, na mkekani kwa Adelfina walibaki vikongwe wawili ambao magoti yao hayakuwaruhusu kuinuka haraka.

Wivu ulimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Alikuwa akichuja sauti zinazopita ukutani, asisikie maneno, asikie kicheko tu, na kila kicheko alijua ni juu yake. Kibaya zaidi, mgeni hakuwa na dosari ya kushikia. Angekuwa mvivu, au mdokozi wa chumvi, Adelfina angepumua. Lakini Claudia alifagia uwanja kabla ya mwenyeji kuamka, alipalilia migomba kuliko alivyoombwa, na kila asubuhi alipiga goti, "Shikamoo mama," kwa sauti safi isiyo na dharau hata chembe. Adelfina aliitafuta dharau hiyo kwa bidii, akaikosa, akamchukia kwa kumkosesha.

"Mgeni wako huyu Mungu amempa kitu," Danstan alisema siku moja wakila.

Adelfina alishika mwiko. Alimpakulia ukoko.

Si kwamba hakujua lililomsibu. Wangapi wamekuja kwake na "kuna mtu anamwonea wivu mwenzake," naye akawapeleka kwa Kaini na damu ya nduguye? Sasa akiifungua Biblia aliruka kurasa hizo, kama mtu anayepita mbali na nyumba anayodaiwa.

Mwaka mpya ulipoingia, mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba serikali inawakusanya wakimbizi wote kambini, na lori litakuja kuwachukua. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa utu. Akanong'ona kwamba mwenye mgeni anayemtegemea aseme, yeye atajifanya hajamwona mpaka mvua ziishe. Josefina alikimbia kumpasha Adelfina, akiamini analeta habari njema.

Kesho yake asubuhi Adelfina alikuwa mlangoni kwa mwenyekiti.

"Wangu aende," alisema.

"Mama Desderius, yule anayekupalilia migomba?"

"Mamlaka imesema. Warumi kumi na tatu inatuagiza tutii mamlaka. Sisi tuliookoka hatuwezi kuficha watu."

Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa kanisa sana, alifungua daftari lake, akaandika jina. Adelfina alirudi nyumbani anatembea upesi kama msichana. Andiko lilikuwa la kweli, hakuongeza wala kupunguza. Alilinukuu sawasawa, akalitumia kumfukuza mjane. Kwa Claudia alisema tu, "Serikali imekutaja, mwanangu. Sina la kufanya." Claudia alisema asante mama kwa ukarimu wako, akaenda kuteka maji.

Alhamisi ya mwisho wanawake walijaa. Ushirika wa watu wa uamsho una jambo moja ambalo wageni huliogopa: mtu husimama mbele ya wenzake akaweka dhambi yake nuruni, akamtaja aliyemkosea kama yupo, akaomba msamaha. Aliyetajwa husimama, akamsamehe, wakakumbatiana, wimbo ukaimbwa. Na mara nyingi nuru ya mmoja humwashia mwingine, jioni nzima wakasimama mmoja baada ya mwingine.

Claudia alisimama.

"Ndugu zangu, nimeishi katika nyumba ya mama huyu nikimwonea wivu," alisema. "Amenilaza, amenilisha, nami nilimhusudu. Ana mume, mimi wangu sijui hata alipozikwa. Ana moto wake, mimi nawasha wa mwenzangu. Mama Desderius, nisamehe."

Vikongwe wawili walianza kulia. Adelfina alisimama, na neno lake lilikuwa tayari mdomoni, lote zima: mwenyekiti, Warumi, ukoko, yote. Akatazama nyuso. Zilikuwa zimemgeukia yeye tena, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kibuyu, zikisubiri atakachosema.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema.

Wimbo ukapaa. Walimkumbatia, wakamsifu moyo wake mkubwa, na Josefina akambusu mkono. Kesho yake lori lilimchukua Claudia na sufuria yake.

Mkeka ulirudi kujaa. Ndivyo alivyotaka. Lakini maswali yalikuja makavu, ya kuulizia tarehe ya ubatizo na kama kitambaa cha kichwa ni lazima, na watu walipomaliza hawakukaa. Kibaya zaidi, sasa alikuwa na swali lake mwenyewe, na hapakuwa na wa kumwuliza. Kuna mtu amesamehe kosa la mwenzake akaficha lake lililo kubwa zaidi. Je, ushirika wake ni halali? Alizunguka nalo msimu mzima wa maharage.

Jumapili ya shukrani ya mavuno alijitwisha kapu la maharage, Danstan mbele, yeye nyuma. Walipofika mlango wa kanisa miguu ilikataa. Jibu alikuwa akilijua siku zote, amewapa watu wengi: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, sadaka iache hapo, nenda kwanza mkapatane. Alilitua kapu kizingitini.

"Kaa nalo," alimwambia mumewe.

"Unakwenda wapi, watu wanaingia?"

"Kuuliza swali."

Alitembea asubuhi nzima, na vumbi la malori ya misaada likamfanya awe na rangi ya barabara. Kambini maturubai ya bluu yalisambaa mlima hadi mlima, lakini hakupata taabu kumpata aliyemtafuta. Aliulizia mwanamke mwenye Biblia isiyo na Mwanzo, akaonyeshwa. Nje ya turubai lile ndala zilikuwa zimepangana. Nyingi kuliko za Mabawe. Adelfina, aliyekuja kutubu, alisimama pale akahisi mfupa uleule ukikwama kooni.

Alivua viatu, akaingia, akakaa nyuma ya wote akisubiri zamu.

"Shikamoo mama," Claudia alisema zamu ilipofika, na uso wake ukachanua.

"Marahaba." Adelfina alikohoa. "Kuna mtu," alianza, na wanawake wote wakatazama chini. Kumbe adabu ile ilipanda lori pamoja na Claudia. "Kuna mtu alikwenda kwa mwenyekiti..." Alikwama. "Ni mimi. Serikali haikukutaja. Nilikutaja mimi, kwa wivu."

Claudia aliifunga Biblia. "Najua, mama. Mwenyekiti aliniuliza siku ileile kama tumegombana."

"Ulijua, halafu ukasimama ukaniomba msamaha wewe?"

"Nililosema lilikuwa kweli. Mzee Danstan alipokuwa akikohoa uani akirudi jioni, nilikuwa naacha kupika, nalia. Lakini nilisimama kwanza ili nawe upate pa kusimama. Nikangoja."

Adelfina alitafuta afueni aliyoifuata vilima vyote vile, hakuiona. Aliona jingine, akaamua kulisema kabla halijapata pa kujificha.

"Hata hapo ulinitangulia," alisema. "Nimekuja kwa miguu kuutubu wivu, na hapa nilipokaa nakuonea wivu. Nilihesabu ndala zako pale nje."

Claudia alicheka, kicheko kilekile cha jiko la nyuma, na safari hii Adelfina aliyasikia na maneno. "Mimi nami leo nimekuuliza moyoni kama mzee Danstan hajambo, nikaumia. Nisamehe, nami nimekusamehe." Akasogea, akampisha nusu ya mkeka.

Nyuma yao binti mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akainua mkono kwa woga. "Kuna mtu," alisema, "anamchukia jirani yake kwa sababu mume wa jirani alivuka salama. Huyo mtu afanyeje?"

Claudia aliiacha Biblia imefungwa. Alimgeukia Adelfina. "Hilo mwulizeni mama. Yeye ametoka nalo mbali."

Nyuso zote zikamgeukia. Biblia yake alikuwa ameiacha kapuni, mlangoni mwa kanisa.

"Huyo mtu aanze kwa kusema 'mimi,'" Adelfina alisema. "Si rahisi. Mimi nimetoka Mabawe kuja kulisema hapa."