Ratiba ya Mwenye Taa

Fundi lifti alioa akiwa na miaka hamsini na mbili, akahamia kwa mkewe na masanduku mawili ya nguo, kisanduku cha vifaa na kiti chake cha kukunja. Mke alikuwa mfamasia, mjane wa miaka mitatu, mtu wa haki hata kwenye mambo madogo. Wiki mbili kabla ya ndoa aligawa mashati yote ya marehemu mumewe, akashusha picha zake ukutani na kuzitia kwenye bahasha, akanunua hata kitanda kipya. "Nataka uingie kwenye nyumba yenye nafasi," alimwambia. Fundi alishukuru kwa moyo wake wote. Hakujua kwamba kilikuwepo kitu kimoja kisichoingia kwenye bahasha.

Kilikuwa sebuleni, ukutani upande wa jikoni: tangi la kioo lenye urefu wa mtu aliyelala, lita mia nne za maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai. Mengine yalifanana na uyoga, mengine na vidole, na moja kubwa la katikati lilikuwa na nyuzi za kijani zilizochezacheza majini kama nywele za mtu anayeoga. Samaki wawili wa rangi ya chungwa walitoka na kuingia katika nyuzi zile kama wenye nyumba. Juu ya maji zilining'inia taa mbili bapa za LED, na taa hizo ndizo zilizomtia fundi kidonda.

Hakuna mtu aliyeziwasha. Zilijiwasha zenyewe. Saa nne asubuhi ilianza bluu hafifu. Adhuhuri ikaongezeka nyeupe kidogo, na saa kumi na moja ile nyeupe ikaanza kushuka. Saa kumi na mbili kamili ya jioni ilibaki bluu peke yake, matumbawe yakang'aa kama makaa ya kijani, mpaka saa tatu usiku giza lilipoingia. Na kila ilipofika saa kumi na mbili, mke alinyanyuka. Awe anakata vitunguu, awe anaongea na simu, awe katikati ya sentensi na mumewe, alikwenda kunawa mikono, akaketi kwenye kochi mbele ya tangi, akakaa kimya robo saa nzima. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake kana kwamba hakwenda popote.

"Hizi taa nani alizipanga?" fundi aliuliza mwezi ule wa kwanza.

"Marehemu," mke alijibu. "Zilimchukua muda mrefu. Tafadhali usiziguse."

Alilisema kwa upole, kama anavyowaambia wagonjwa dirishani kwake wasizidishe dozi. Lakini fundi alisikia mlango ukifungwa usoni pake.

Tangu siku hiyo marehemu akapata jina katika moyo wa fundi. Alimwita Mwenye Taa. Alijua kuwa alikuwa mwalimu wa jiografia na kwamba alikufa kwa uvimbe kichwani, basi. Zaidi ya hapo hakutaka kujua, na hapohapo hakuna alichowaza zaidi ya huyo mtu. Kutwa nzima kazini alifungua makabati ya umeme juu ya mapaa ya maghorofa, akaiambia mota lini ivute na lini isimame, na mota ikatii. Jioni alirudi nyumbani kutazama taa zinazomtii mtu aliyezikwa. Mume aliye hai unaweza kumshinda, alijiambia: anazeeka, anakoroma, anasahau kununua mkate. Aliyekufa hakosei tena. Utamshika wapi?

Jumapili moja alikuja wifi, dada yake marehemu, mama mnene mcheshi ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Akasimama mbele ya tangi na kikombe cha chai mkononi. "Kaka yangu bado ndiye anayewasha taa humu ndani," alisema, akacheka. "Shemeji, usinune, natania tu."

Fundi akacheka pia, akajikaza kisabuni. Lakini mpaka wifi anaaga kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Wiki iliyofuata akaamua kupima kina cha maji. Alinunua viatu vya ngozi laini, saizi ya mkewe barabara, akahesabu muda, akaingia navyo nyumbani dakika tano kabla ya saa kumi na mbili. Mke alifurahi kweli. Alifungua boksi, akanusa ngozi, akavaa kiatu cha kulia, akanyoosha mguu autazame. Taa nyeupe ikazimika. Akainuka, akaenda kunawa, akaketi kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni. Fundi alibaki ameshika cha kushoto.

Usiku ule alimpa mke mgongo kitandani, naye mke alipomuuliza kama anaumwa akasema ni uchovu.

Haukupita mwezi, mke akaitwa kwenye mafunzo ya wafamasia katika mji mwingine, siku nne. Aliacha maelekezo ya kulisha samaki kwenye karatasi, mistari mitatu. Jumatatu aliyoondoka, teksi haijafika mbali, fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la chini ya tangi. Ndani mlikuwa na kishikwambi cha zamani chenye kioo kilichopasuka pembeni. Akakiwasha, akafungua programu ya taa.

Mtu aliyezoea michoro ya lifti hakupata shida. Ratiba ilichorwa kama vilima: kilima cha bluu kilikuwa kirefu na cha heshima, kilima cha nyeupe kilikuwa kichuguu tu, hakikuzidi asilimia kumi na tano hata saa saba mchana. Juu yake pameandikwa: *Ya Mwalimu*.

"Bahili hata wa mwanga," fundi alisema kwa sauti.

Akaunda ratiba mpya. Nyeupe akaipandisha mpaka themanini, kuanzia asubuhi. Bluu ya jioni akaifuta yote, na saa kumi na moja na nusu kila kitu kizimike. Programu ikamuuliza kama angependa mabadiliko yaingie polepole kwa muda wa wiki sita. Akabonyeza *hapana*. Ikamtaka aipe ratiba jina. Akafikiri kidogo, kisha akaandika: *Yangu*.

Siku ya kwanza sebule iling'aa kama uwanja wa mpira. Fundi alikula chakula chake kwenye kochi, na saa kumi na mbili ilipofika alikuwa ameketi palepale mbele ya tangi lenye giza, ameweka miguu mezani, anajisikia mwenye nyumba kwa mara ya kwanza. Siku ya pili tumbawe kubwa lilikuwa limejikunja. Akajiambia limelala. Siku ya tatu ncha za yale ya vidole zilikuwa nyeupe kama sabuni, na moja la uyoga lilikuwa limebanduka kwenye jiwe linaelea. Akaishusha nyeupe mpaka sitini, akafunika nusu ya tangi kwa taulo, akaliondoa, akalirudisha. Kazini alifunga nati moja mara tatu, akili haipo.

Mke alirudi Alhamisi saa kumi na moja. Aliweka begi mlangoni, asilifungue.

"Ni nini hiki?"

"Umeme ulikatika juzi," fundi alisema. "Nadhani zilijirudisha zenyewe."

 Mke alifungua kabati, akatoa kishikwambi, akasimama anasoma. Kisha akamgeukia, wala hakupandisha sauti.

"Umeme ndio ulioandika *Yangu*?"

 Fundi alitazama viatu vyake, akaona vina vumbi la juu ya paa.

Mke alimpigia simu muuza samaki wa mapambo, mzee mwenye duka walilonunulia chumvi ya tangi, akaweka sauti ya wazi ili mikono iwe huru. "Shusha nyeupe mpaka tano," mzee alisema. "Bluu thelathini. Iache hivyo wiki mbili, usiwe na pupa. Tumbawe halijali ni saa ngapi, mama. Linachokataa ni kushtuliwa. Nani kafanya hivyo?"

"Ni hitilafu," mke alisema. "Imesharekebishwa."

Angepiga kelele, fundi angepata la kujibu. Lakini kumsitiri vile mbele ya mtu baki kulimkata maini. Alimsogelea akasimama nyuma yake anapobonyeza namba.

"Ulikuwa unataka nini?" mke aliuliza, mgongo bado umemwelekea.

"Nataka saa kumi na mbili."

"Nini?"

"Mchana ni wa wagonjwa wako, usiku una usingizi, na saa kumi na mbili ni ya kwake. Kila siku. Nimekuletea viatu ukaniacha nimesimama na kimoja. Mimi zamu yangu ni saa ngapi?"

Mke akaweka kishikwambi chini, akaketi kwenye kochi. 

"Unafikiri nakaa hapa kuongea naye," alisema.

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Mwaka wake wa mwisho na ushei hakuweza kuvumilia mwanga mweupe. Hata pazia likifunguliwa, alitapika. Chumbani hakutaka, alitaka kulala hapa, atazame matumbawe yake. Basi akawa anaipunguza nyeupe kidogo kidogo, yazoee, ili naye aweze kuyafumbulia macho. Saa kumi na mbili ilikuwa ya sindano. Nilingoja nyeupe izimike ndipo nimchome. Bluu ilinitosha kuona pa kuchoma." Alitazama mikono yake. "Miezi kumi na minne. Tangu alipokufa, ikifika saa hiyo mikono inataka kazi yake. Najikuta nimeshanawa, nimeshaketi, na hakuna wa kumchoma. Sikai hapa kwa raha, mume wangu. Nakaa mpaka moyo uache kwenda mbio."

Fundi alijikunja akaketi sakafuni, karibu na magoti yake. "Kwa nini hukuzibadilisha?"

"Niliogopa yasinifie na haya."

"Ungeniambia."

"Uliniuliza nani alizipanga, nikakujibu. Hukuuliza tena. Ukaanza kununa."

Hakumsamehe siku ile, wala ya pili yake. Alimpakulia chakula, akamjibu la lazima, basi. Fundi hakulalamika. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alichota maji machafu, akatia mapya, akapima chumvi, akaondoa vilivyokufa kwa koleo ndefu ya plastiki. Matumbawe mawili ya uyoga yalikufa. Ya vidole yalibaki mifupa mitupu. Tumbawe kubwa lilioza upande mmoja, na upande wa pili ukabaki umejikunja, mtu asijue kama umekufa au umesusa.

Wiki ya tatu mke alimkuta pale asubuhi, akamwambia kama mtu aliyekwisha kuamua kitambo, "Tuisogeze."

"Tusogeze nini?"

"Saa. Dakika kumi kila baada ya siku mbili. Nyeupe izimike saa mbili usiku. Saa kumi na mbili ibaki mchana tu, kama mchana mwingine. Lakini wewe utabonyeza *ndiyo* pale inapouliza polepole."

"Na jina niandike nini?"

Mke alifikiri. "*Ya Matumbawe*. Yenyewe ndiyo yanayokaa humo."

Ilichukua mwezi kasoro siku chache. Fundi alijiwekea alama kwenye kalenda ya jikoni, na alikuwa hasogezi hata dakika moja kabla ya siku yake. Hapo katikati tumbawe kubwa lilitoa uzi mmoja wa kijani, mfupi, kisha mitano. Jioni ya ratiba mpya walikuwa mezani, mke anasimulia habari ya mgonjwa aliyerudisha dawa ya kikohozi kwa sababu ni tamu mno. Ikagonga saa kumi na mbili. Sebuleni mwanga haukubadilika. Mke akanyamaza katikati ya habari, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono, akasimama pale maji yanamchuruzika. Fundi hakumfuata. Baada ya muda mke alirudi mezani, akaketi. Fundi akampa taulo.

"Nilifika wapi?" mke aliuliza.

"Anasema ni tamu mno."

Akamalizia habari yake. Walipokuwa wanaosha vyombo, fundi aliuliza lililomkaa moyoni tangu ile Alhamisi. "Mwalimu. Alipokuwa anaishusha ile nyeupe, alikuwa akishusha kiasi gani?"

"Asilimia moja kwa wiki," mke alisema. "Wiki nyingine nusu, akiona hayajafunguka vizuri. Alikuwa anangoja yeye, kichwa kinampasuka, kwa ajili ya matumbawe."

Fundi akasugua sufuria ambayo ilikwishatakata. Wivu ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, chini kidogo ya mbavu, wala hakujidanganya kwamba umeondoka. Ila alikuwa ameacha kuzionea wivu taa. Sasa aliionea ile nusu asilimia, na mtu aliyeweza kuingoja huku anatapika. Akajaribu kujipima kama angeiweza yeye, akashindwa kupata jibu.

"Nisimulie mengine," alisema.

Mke akamtazama ajue kama anatania. Akaona hatanii. "Mabaya au mazuri?"

"Anza na mazuri," fundi alisema, akaichukua sufuria nyingine.