Nafasi Mbili kwa Jina la Apollinaire

Epiphanie alipiga simu mgahawani siku ya Alhamisi, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya saluni, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Mgahawa wenyewe ulikuwa kule juu Berea, Durban, wa Mjapani mmoja aitwaye Morita, na sifa zake zilikuwa kubwa kuliko chumba chake. Aliuza mishikaki ya kuku tu, basi, lakini magazeti yalikuwa yameiandika na watu walipanda ndege kutoka Johannesburg kuja kula shingo za kuku. Simu ilipokewa na mhudumu Mtanzania, Clementina, aliyeitambua lafudhi hapohapo, wakaachana na Kiingereza.

"Mko wangapi, dada?"

"Tuko wawili."

"Kwa jina gani?"

Epiphanie alikuwa amejiandaa kutaja lake. Kilichomtoka kinywani ni "Apollinaire".

Hilo lilikuwa jina la mumewe, na mumewe alikuwa amekufa tangu mwaka 2011, yaani miaka miwili nyuma.

Jina hilo halikuwahi kutajwa Durban. Nyumbani, katika chumba chao cha South Beach, Epiphanie alimwita papa, yaani baba, maana kwao Uvira mke mwenye adabu hamtaji mume kwa jina. Kazini kwa mumewe, Mobeni, kwenye ghala la baridi alikopakia makasha ya kuku, walimwita Boniface. Boniface alikuwa rafiki yake mwenye karatasi halali. Apollinaire hakuwa nazo, basi akaazimwa, kama mtu anavyoazimwa koti la kwendea harusini. Wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Kisha Jumanne moja asubuhi mlango wa ghala ulifunguliwa, akakutwa ndani amekaa juu ya kasha, ameganda tangu jana yake jioni. Mlango huo ulikuwa haufunguki kwa ndani, na wafanyakazi walikuwa wameshalisema hilo mara tatu.

Kampuni iliandika kilichokuwa kwenye daftari lake: Boniface. Cheti cha kifo, Boniface. Msalaba makaburini, Boniface. Epiphanie alisimama mstari wa tatu kwenye mazishi, akitambulishwa kama dada wa kanisani, kwa sababu angesema ukweli, Boniface angefungwa kwa kuazimisha karatasi. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini kifo hiki hakikumfaa mtu. Boniface mwenyewe anauza kava za simu Pinetown, na kila akienda ofisini kuongeza muda wa karatasi zake anaambiwa kwa upole kwamba alishakufa, ampishe anayefuata. Epiphanie naye alikwenda kuuliza habari za mumewe. Karani alipekua kompyuta, akamwambia mtu huyo hajawahi kuajiriwa popote, kwa hiyo hakufa kazini.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: jina la mumewe liandikwe mahali, popote, hata kwenye kipande cha ubao. Alikuwa mpweke kupita kiasi. Jioni alisonga ugali wa watu wawili, halafu nusu akairudisha sufuriani.

Mgahawa ule aliuchagua kwa sababu makasha ya Mobeni yalipelekwa huko, na Apollinaire alikuwa akisema kwamba siku moja watavaa vizuri waende kuwala kuku aliowabeba mgongoni.

Jumatatu saluni hufungwa. Saa sita na nusu mchana Epiphanie aliingia na kitenge chake cha Pasaka. Clementina alifungua daftari la nafasi, akamwonyesha kwa kidole: Apollinaire, watu wawili, kwa penseli. Epiphanie alilitazama jina hilo mpaka wageni waliokuwa nyuma yake wakakohoa. Akapelekwa kaunta, kwenye viti viwili vya pembeni, mbele ya jiko jembamba la mkaa ambapo bwana Morita alikuwa akigeuza mishikaki bila kumtazama mtu.

Ikaja ngozi, ikaja mioyo, yakaja mabawa. Halafu ikaja mishikaki miwili ya firigisi. Epiphanie hakuwahi kula firigisi maishani mwake. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huipika, huiweka kwenye sahani ya mume, na hana swali. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, lakini mkono wake ulikataa. Alikisogeza kisahani mbele ya kiti kitupu.

Apollinaire aliingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa koti nene la ghalani lenye kibandiko cha Boniface kifuani, na nyusi zake zilikuwa na barafu. Clementina aliangalia daftari, akaweka alama, akamwongoza.

"Karibu, kaka. Pole na baridi."

"Asante, mama."

Alikaa, akanyoosha viganja juu ya mkaa, akala mshikaki wa kwanza. Bwana Morita alisukuma makaa upande wake kidogo.

"Papa, ulijua namna gani?" Epiphanie aliuliza.

"Baliita jina yangu," alisema. "Ile yangu mwenyewe. Tangu tulitoka Uvira sikusikia mutu anaiita."

Walikula. Epiphanie alimweleza habari za lifti iliyoharibika na kwaya ya kanisani iliyogawanyika kwa ugomvi wa sare, naye akacheka. Apollinaire aliuliza kama ule mlango wa ghala umetengenezwa. Bado. Barafu iliyeyuka, Clementina akaleta tambara akapangusa sakafu. Saa saba kamili Apollinaire alisimama, maana mapumziko yao ya mchana yalikuwa nusu saa na msimamizi hakuwa na mchezo. Epiphanie hakuuliza msimamizi gani.

Mume alipokwisha kuondoka, Clementina alichukua kifutio akalifuta jina. Epiphanie alimwomba aliache.

"Haiwezekani, dada. Saa nane hapo pana watu wengine. Ndiyo maana tunatumia penseli."

Ikawa hivyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mgeni mmoja alilalamika kuhusu ubaridi wa upande ule wa kaunta, akahamishwa. Agosti Apollinaire alichelewa dakika tano. Septemba alichelewa kumi. Oktoba alisimama mlangoni akitazama huku na huku, mpaka Clementina akalisoma jina kwa sauti mara tatu.

"Papa, iko nini?"

Alikaa, akala mshikaki wa kwanza.

"Kule bananiita Boniface. Njo jina iko kwa musalaba. Mwanzo nilikuwa nanyamaza. Sasa nilisha anza kuitika."

"Na hii yako?"

"Inatoka mbali sana, mama. Inafika iko kidogo."

Saa saba alisimama, mshikaki wa pili wa firigisi hajaugusa. "Sharp," alisema, kama wanavyoagana Durban, akaenda zake. Epiphanie alimtazama mgongo. Aliogopa, akaona wazi kwamba anampoteza mara ya pili. Basi akaiweka kando adabu yote aliyolelewa nayo, akaita kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu waoane:

"Apollinaire!"

Kaunta nzima iligeuka. Bwana Morita naye aligeuka. Apollinaire aliendelea kutembea, akashika kitasa cha mlango.

Epiphanie alishuka kitini.

"Boniface," akasema, na wala hakupaza sauti.

Aligeuka papo hapo. Akatabasamu tabasamu lake lilelile la Uvira, akampungia mkono, akatoka juani.

Epiphanie alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha mgahawa. Watu walirudi kwenye sahani zao. Alipofika mlangoni, Clementina alikuwa amekwisha kulifuta jina na anapuliza vumbi la kifutio.

"Novemba nikuwekee, dada?"

"Niwekee. Watu wawili."

"Kwa jina lilelile?"

Epiphanie alitazama mahali palipofutwa. Karatasi ilibaki tupu, na jina lisingeweza kusomeka tena.

"Hapana," alisema. "Andika Boniface."

Clementina alitafuta penseli chini ya kaunta, asiione, akaandika kwa kalamu ya wino.