Kaneza Hafungwi Kamba

"Mufunge," Xavier alisema, akimnyooshea kamba za ngozi. "Kichwa mpaka kwa kifua. Akae hivyo mpaka jioni, atajua adabu."

Sijaona, mtunza farasi, hakuinua mkono. Kamba zikabaki zikining'inia kati yao. Nyuma yake, bandani, farasi jike Kaneza akapiga sakafu kwa kwato.

"Apana, chef."

"We unasema nini?"

"Nasema apana. Sitamufunga."

Xavier, msimamizi wa klabu ya farasi pembezoni mwa ziwa, alizoea kusikia "ndiyo, chef" kabla hajafunga mdomo. Akamkodolea macho mwanamke huyu wa Nyakabiga mwenye kilemba cha kijani na buti za mpira, ambaye kwa miaka yote alizoa samadi bila kuuliza neno.

"Basi sikia. Huyu alimuangusha Madame Mathilde, mkono ukavunjika. Farasi asiyepandika anakula bure. Jumatatu veterineri anakuja na sindano ya kumumaliza."

Akaondoka, kamba zikiburuzika vumbini.

Sijaona aliujua mdomo wa Kaneza kuliko mtu yeyote. Kila jioni alipaka mafuta kwenye pembe za mdomo huo, pale chuma cha lijamu lenye mnyororo kilipochubua. Alijua kwa nini farasi yule alisimama kwa miguu miwili ya nyuma na kuangusha watu: kila anayempanda alining'inia kwenye hatamu kama mtu anayezama. Lakini kuyajua maumivu si kuyajua mafunzo, na hilo pia alilijua.

Wiki hiyo alikuwa amekuja mwalimu, Elvire, mzaliwa wa Ngagara aliyejifunza Ureno sanaa ya zamani ya kufundisha farasi bila kumvunja moyo. Mafunzo yake, waliyoyaita stage, yalikuwa ya wanachama tu. Sijaona alishika farasi wao nje ya uzio, akatega masikio. "Kichwa hakivutwi chini," mwalimu alikuwa akisema. "Miguu ya nyuma ikibeba uzito, kichwa kitashuka chenyewe." Nyumbani Sijaona alifunga kamba kwenye mguu wa kiti, akafanyia mkono wake mazoezi ya wepesi, mpaka mdogo wake Soumaya akamwuliza kama amerogwa.

Sasa akavuta pumzi. Akachukua lijamu laini lisilo na mnyororo, akamvisha Kaneza, akamwongoza moja kwa moja hadi kiwanjani, katikati ya somo.

"Sijaona!" Xavier alipaza sauti kutoka kivulini. "Stage si ya wafanyakazi! Toka!"

Wanachama wakageuka. Mathilde, mwenye farasi, alikuwa ameketi karibu na uzio, mkono umefungwa plasta. Elvire akamtazama Sijaona, kisha akautazama mdomo wa farasi, akautazama sana.

"Mwalimu," Sijaona alisema, "mi sitaki kupanda. Nataka unifundishe kutembea naye. Wanataka kumuua."

"Ingia, dada," Elvire alijibu. "Muda huu kiwanja ni changu."

Haikwenda vizuri. Kaneza alirusha kichwa juu, akamburuta hadi pembeni, akamkanyaga kidole cha mguu. Mtu akacheka. Sijaona akakaza hatamu kwa nguvu zake zote, na farasi akaanza kurudi nyuma, macho meupe kwa hofu.

"Unamuomba aende, halafu mukono wako unamukatalia," Elvire alisema kwa upole. "Atakuamini namna gani? Fungua vidole."

"Nikifungua, atakimbia."

"Labda. Fungua."

Ilikuwa vigumu kuliko kuzoa banda zima. Akafungua kidole kimoja, kisha kingine. Kaneza akasimama, kana kwamba amesikia mtu akimwita kwa mbali. Sijaona akamgusa ubavuni kwa kifimbo alichopewa na mwalimu, mguso mdogo kama wa kufukuza nzi. Mguu wa nyuma ukavuka mbele ya mwenzake. Ukavuka tena. Wakaambaa na uzio hivyo, mshazari, mwanamke akichechemea na farasi akicheza, hadi shingo ikajikunja yenyewe, kichwa kikashuka, na taya zikaanza kutafuna taratibu.

Hakuna aliyecheka.

"Vizuri," Xavier alisema, akija na lijamu la mnyororo. "Ametulia. Muwekee hii, mutu apande tuone."

"Apana, chef."

"Mara ya pili leo! Tafuta kazi ingine!"

"Nitatafuta. Lakini hicho chuma hakiingii mu mudomo yake nikiwa nimesimama hapa."

Mathilde akainuka. "Xavier, farasi ni yangu. Veterineri asikuje." Kisha akamgeukia Sijaona, sauti ikipungua. "Lakini mi namuogopa bado."

"Hata yeye anakuogopa, madame. Mutaanza hapo."

Xavier akafungua mdomo kujibu, na ndipo mvua ilipovuka ziwa kutoka upande wa Uvira, nzito, ya ghafla. Watu wakakimbilia chini ya paa na matandiko vichwani. Chini ya mabati Xavier alikuwa bado anafoka kwamba Sijaona arudishe funguo na atoke getini, lakini kishindo cha maji kilimeza maneno yake.

Kiwanjani Sijaona na Kaneza waliendelea kutembea, bega kwa bega, sikio moja la farasi limeelekea kwake, na alama za kwato zikijaa maji nyuma yao.