Jina Pembeni mwa Karatasi ya Manjano

Tangu basi litoke Wuhu saa kumi na mbili asubuhi, Guizhen alikuwa amepakata mkoba wenye kitambulisho cha marehemu mama mkwe wake, mikono yote miwili juu yake, kama mtu aliyebeba mayai. Lanfang, wifi yake, alikaa kiti cha nyuma akimtazama kisogo. Nywele zilipakwa rangi juzi tu, na weusi ulikuwa umebaki kwenye ngozi nyuma ya sikio. Changgen, mume wa Guizhen na mdogo wake Lanfang, alijifanya amelala. Hata mkoromo wake ulikuwa wa uongo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda mlima Jiuhua, kwa Dizang, mtakatifu wa Kibuddha anayewaangalia waliokufa. Mama yao alifariki majira ya baridi, na sasa walikuwa wanakwenda kumwandikisha hekaluni. Mtawa huandika karatasi ndefu ya manjano: katikati jina la marehemu, siku na saa aliyozaliwa, siku aliyofariki, na pembeni, kwa herufi ndogo, jina la anayemwombea. Karatasi hubandikwa ukutani, ikasomewa dua siku arobaini na tisa, kisha ikachomwa. Hilo jina la pembeni ndilo lililowafanya mawifi wawili wasisemezane tangu mazishi.

Lanfang alimwuguza mama miaka kumi na moja. Alimgeuza kitandani usiku na mchana, akampondea wali na malenge, akamkata kucha za miguu zilizokuwa ngumu kama pembe baada ya kuziloweka kwenye maji moto. Wiki ya mwisho mama alimshika kidole gumba akamwambia, "Kule mlimani uniombee wewe. Mkono wako naujua." Hakuna mwingine aliyesikia.

Guizhen alitoa andazi la nyama kwenye mfuko, akauma. Harufu ya kitunguu saumu ikajaa basi zima.

"Wifi," Lanfang alisema, "unampandia Dizang na mdomo wa nyama na kitunguu saumu?"

"Mdomo wangu una mwenyewe. Wewe chunga wako."

"Jamani wazee wangu," binti mwongozaji, jina lake Yao, alipaza sauti kwenye kipaza sauti chake kilichoning'inia kiunoni, "kama kuna wanaotaka kupigana wasubiri tushuke. Kule hekaluni tuna dakika arobaini tu. Mfuate kibendera changu. Anayechelewa atarudi kwa miguu, na viatu vyenu nimeviona!"

Abiria walicheka. Mawifi hawakucheka.

Walipanda ngazi kwa kufuata kibendera. Ilikuwa mwezi wa saba, mwezi wa kuwaombea wafu, na watu walikuwa wengi kama mchwa. Moshi wa ubani ulikuwa mzito hata macho yanawasha. Mlangoni Guizhen alikanyaga kizingiti kwa kiatu kizima badala ya kukivuka. Bibi mmoja waliyepanda naye basi akamkemea, "We mama, kwenu hamna milango?" Lanfang alivuka kwa mguu wa kulia polepole, ili aonekane.

Mtawa mwandishi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mbele yake brashi, wino na rundo la karatasi. Nyuma yao foleni ilifika hadi uani. Kila familia karatasi moja.

"Marehemu?"

"Wei Suzhen," Guizhen aliwahi. Akafungua mkoba, akampa mumewe kitambulisho. "Sema, wewe ndiye mwana."

Changgen alitoa simu. "Mwalimu, kitambulisho kinasema mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita, mwezi wa tatu tarehe sita. Nimeshageuza kwa simu kwenda kalenda ya zamani. Mwaka wa Panya, mwezi wa pili tarehe kumi na tatu."

Brashi ilikwenda kwenye wino.

Lanfang alijua vizuri kilichotokea. Zamani karani wa kijiji alipowaandikisha watu, mama alimtajia tarehe kwa kalenda ya zamani, ile ya kufuata mwezi, na karani akainakili vilevile bila kugeuza. Kwa hiyo Changgen alikuwa amegeuza kitu ambacho hakikupaswa kugeuzwa. Kila mwaka, mwezi wa tatu wa kalenda ya zamani, tarehe sita, Lanfang alimpikia mama tambi ndefu za kuzaliwa, na yai moja juu. Kila mwaka bakuli la Changgen lilikaa mezani hadi likapoa.

"Na saa?" mtawa aliuliza.

Changgen alimtazama mkewe. Mkewe aliitazama simu.

"Andika asubuhi," Guizhen alisema.

Lanfang alicheka kicheko kikavu. "Huyo mnayemwandika ni nani? Mimi simjui. Mama yangu hakuzaliwa siku hiyo."

"Basi sema wewe unayejua kila kitu!"

"Nitasema. Kwanza jina langu liandikwe pembeni."

"Lako?" Guizhen alimgeukia, uso umewiva. "Uliolewa kwa akina Pan miaka thelathini na minane iliyopita. Huko ndiko kwenu. Hapa panaandikwa mwana na mjukuu: Changgen na Haoyu. Kumwosha mtu mgongo hakukufanyi mwana wa kiume."

"Haoyu hakumjua bibi yake hata kwa sura. Alikuwa akimwona kwenye simu anamwuliza wewe nani."

"Mwalimu, andika hivyo hivyo," Guizhen alisema. "Wafu hawasomi kalenda."

Mtawa aliweka brashi chini. "Wito ukitumwa kwa asiyekuwepo, nani ataitika? Pataneni, au mpishe wengine."

Foleni ikaanza kunung'unika. "Watu wazima hawajui mama yao alizaliwa lini!" mwanamume mmoja alifoka. Kutoka uani sauti ya Yao ikapenya, "Dakika kumi! Nahesabu vichwa!"

"Changgen," Lanfang alisema, "fumbua mdomo. Jina la nani?"

Changgen alijikuna shingo. "Dada, si unajua mambo yalivyo. Watu wa kijijini wataiona picha ya karatasi. Sema tu hiyo tarehe, tumalize."

Lanfang angeweza kuondoka. Karatasi ingebandikwa na tarehe ya mtu asiyekuwepo, na siku arobaini na tisa za dua zingekwenda hewani, na aibu ingekuwa yao. Lakini aliyekuwa nje akingoja kufunguliwa alikuwa mama, si Guizhen. Tena Lanfang ndiye aliyekuwa ameshika mlango. Alijichukia kwa hilo dakika nzima.

"Mwaka wa Panya," alimwambia mtawa, bila kumtazama mwingine, "mwezi wa tatu tarehe sita. Saa ya Sungura, jua halijapanda."

Mtawa aliandika. Kisha akauliza jina la anayemwombea. "Changgen na Haoyu," Guizhen alisema haraka, na Changgen akaitikia kwa kichwa. Wino ukakauka.

Walipoipeleka karatasi ukutani, Lanfang hakupiga magoti nao. Alimfuata mdogo wake hadi kwenye nguzo, akasema kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia.

"Jina lako liko pale, basi mama ni wako. Tarehe thelathini ya mwezi huu, siku ya Dizang, utafunga, usile nyama. Kaburi utalifyeka wewe, kila Qingming, siku ya kusafisha makaburi, na njia ya kule ina miiba. Kumbukumbu ya kifo, tambi za kuzaliwa, vyote vyako na mkeo. Mimi ni wa akina Pan. Mlangoni kwangu msije kuniuliza kitu."

"Dada, hayo ni maneno gani?"

"Wifi ana hasira tu," Guizhen alisema, lakini rangi ya uso ilikuwa imemtoka. Toka aolewe hakuwahi kushika panga la kufyekea. "Zitampita."

"Hazipiti," Lanfang alisema.

Ndani ya basi alikaa kando ya yule bibi aliyemkemea Guizhen. Yao alipita akihesabu kwa kidole, akafika kwa Lanfang, akakumbuka asubuhi walikuwa watatu pamoja.

"Bibi, wewe uko na familia ile ya mbele?"

"Niko peke yangu," Lanfang alisema, akafunga mkanda.